Ukuta wa mpakani na kipande kilicho mfukoni mwako



Kama umewahi kupanda basi kutoka Garissa kuja Nairobi, hii unaijua. Basi linasimama kwenye kizuizi. Askari anaingia, sauti juu: "Vitambulisho!" Mnashuka, mnapanga laini. Wengine wanaonyesha kipande na kurudi ndani mara moja. Wewe unaulizwa umezaliwa wapi, baba yako ni nani, Nairobi unaenda kwa nani. Kipande ni kile kile, kimetolewa na serikali ile ile, lakini chako kinageuzwa mara tatu kama noti bandia. Ukiwa na bahati unarudi kwenye kiti. Ukikosa bahati, kitu kidogo ndicho kinachokuwa viza yako.

Hapo uko mbali na Somalia. Uko ndani ya Kenya, unatoka kaunti moja kwenda nyingine. Sasa niambie, mpaka uko wapi?

Nakuuliza kwa sababu kila baada ya shambulizi, maneno yanarudi pale pale: jengeni ukuta, fungeni mpaka. Na sisi vijana Waislamu tunanyamaza, maana tunajua ukiuliza swali kuhusu ukuta utaambiwa unatetea magaidi. Mimi nakataa kunyamaza, na nataka nikupe sababu ili nawe usinyamaze. Ninachosema ni hiki: ukuta hauonyeshi kwamba serikali ina nguvu. Unaficha pale iliposhindwa, halafu gharama ya kushindwa huko analipishwa raia mnyonge.

Kwanza tusikwepe uchungu. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Walikuwa rika letu. Miezi michache kabla, Novemba 2014, abiria 28 walishushwa kwenye basi lililotoka Mandera wakauawa kwa sababu hawakuwa Waislamu. Kuna mama hadi leo hajapona. Anayetaka mpaka ulindwe ana haki ya kutaka hivyo, na mimi nataka pia. Watu wa Mandera, Wajir, Garissa na Lamu ndio wanaokanyaga mabomu ya barabarani kabla ya mtu yeyote wa Nairobi kusikia habari. Usikubali mtu akwambie kwamba kuuliza kuhusu ukuta ni kutowajali waliokufa.

Sasa tuje kwenye ukuta wenyewe. Baada ya Garissa, serikali ilisema itajenga kizuizi kwenye mpaka wetu na Somalia, mpaka wa takriban kilomita 700. Kazi ikaanza upande wa Mandera, pale tunapotazamana na mji wa Bula Hawa. Kilichojengwa ni seng'enge na mtaro. Mwaka 2019 wabunge walipiga kura kazi isimamishwe, baada ya kuambiwa kwamba zaidi ya shilingi bilioni 3 zimetumika na kilichoonekana ni ua wa takriban kilomita 10.

Fanya hesabu mwenyewe, hauhitaji digrii. Kilomita 10 kati ya 700. Ni kama mtu mwenye shamba kubwa aliyeweka geti la chuma zuri sana, lakini hana ua. Mwizi akija, hata hatagonga geti.

Na hata kama kilomita zote 700 zingejengwa, jiulize zingemzuia nani. Mmoja wa waliovamia chuo cha Garissa alikuwa Mkenya, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu Mandera, na mzee huyo alikuwa ameripoti kwamba mwanawe amepotea. Januari 2019, hoteli ya Dusit jijini Nairobi iliposhambuliwa na watu 21 kuuawa, miongoni mwa washambuliaji alikuwepo kijana aliyezaliwa na kulelewa hapa hapa Kenya. Hao hakuna seng'enge ingewazuia. Walikuwa ndani tayari, na vipande vya Kenya walikuwa navyo.

Yule chifu alifanya lile ambalo kila siku tunaambiwa tufanye. Alitoa habari. Kilichokosekana hapo hakikuwa ukuta. Kilikosekana kitu kigumu zaidi kujenga, yaani serikali inayosikiliza raia wake wa mpakani kama raia.

Nikupe mfano wa pili, tena wa huko huko. Desemba 2015, wapiganaji walisimamisha basi karibu na El Wak, Kaunti ya Mandera. Wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Kina mama waliwavisha wenzao mitandio. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa kujitenga, na Januari 2016 akafariki. Baadaye taifa lilimpa heshima ya kishujaa.

Siku hiyo mpaka wa Kenya ulilindwa na abiria wa basi. Hawakuwa na bunduki, na bajeti ya bilioni hawakuwa nayo. Walikuwa na imani kwamba hawa ni watu wetu. Imani hiyo ndiyo inayovunjwa kila siku kwenye kizuizi cha barabarani, wakati jirani yake Salah Farah anaposhushwa peke yake kuthibitisha kwamba ni Mkenya.

Utaniambia, lakini kila nchi ina haki ya kulinda mpaka wake. Kweli kabisa. Sisemi kila mtu aingie tu. Lakini angalia kilichotokea hapa. Mpaka wetu na Somalia ulifungwa rasmi mwaka 2011, jeshi lilipoingia Somalia. Tangu hapo watu hawakuacha kuvuka. Wana ndugu upande wa pili, wana mifugo, wana maduka. Sukari iliendelea kuingia kwa magendo. Tofauti ni kwamba kivuko halali kikifungwa, hakuna afisa wa uhamiaji anayeandika jina lako. Kuna tu mtu anayepokea hongo. Yaani mpaka uliofungwa kwenye karatasi ndio mpaka ambao serikali haijui nani ameingia. Muuza maziwa na muuaji wanapita njia moja ya panya, na wote wanamlipa mtu yule yule.

Mwezi Mei 2023, Kenya na Somalia zilitangaza kwamba vivuko vitafunguliwa kwa awamu: kwanza Mandera, halafu Liboi, halafu Kiunga kule Lamu. Miezi miwili baadaye, baada ya mashambulizi, ufunguzi ukaahirishwa. Naelewa hofu iliyokuwepo. Lakini mashambulizi hayo yalitokea mpaka ukiwa umefungwa. Kama dawa umeinywa miaka 12 na homa haijashuka, si ungemuuliza daktari swali?

Pia uliza huo mpaka ulitoka wapi. Haukuchorwa na watu wa Mandera wala wa Kismayu. Mwaka 1924 Waingereza na Waitaliano walitia saini mkataba, na mwaka uliofuata Jubaland, iliyokuwa sehemu ya koloni la Kenya, ikakabidhiwa Italia kama zawadi ya kupigana upande wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Familia zililala katika nchi moja zikaamka mbili. Waulize Wabajuni, ambao ukoo wao ulitandaa visiwani kutoka Lamu hadi Kismayu. Wanaongea Kiswahili pande zote mbili, na kwao bahari ilikuwa ndiyo barabara. Halafu katika miaka hii yetu wavuvi wa Lamu wakazuiwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa, kwa sababu ya usalama. Usiku ndio wakati wa samaki. Mzee ambaye babu yake alivua maji hayo kabla Kenya haijaitwa Kenya akawa mshukiwa kwenye mashua yake mwenyewe.

Sisemi tufute mipaka ya mkoloni. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vilitufundisha gharama ya kugombania mistari hiyo. Ninachosema ni kwamba mstari ukishachorwa hivyo, watu walioachwa juu yake ndio wanaolipa, na Kenya huru iliendelea kuwalipisha. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani bila maji na kuuawa, na hadi leo idadi yao inabishaniwa. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipigwa msasa nchi nzima, na waliopita wakapewa kadi ya pinki ya kuthibitisha uraia ambao tayari walikuwa nao. Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, maelfu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Uwanja wa mpira! Hapo mpaka ulikuwa umeshahamia jijini.

Kazi yangu ni ya mtaani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia vijana kutafuta kipande. Nakumbuka kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne na alama nzuri, nafasi ya chuo ameshapata. Akaenda ofisi moja kuomba kipande. Akaambiwa lete cheti cha kuzaliwa, akaleta. Lete kipande cha baba, akaleta. Lete cha babu. Babu yake alikuwa mfugaji, amekufa zamani, karatasi zake hakuna anayejua ziko wapi. Kijana akaketi mbele ya kamati ya msasa, wazee wanamuuliza majina ya mababu na kisima gani ukoo wao ulinywesha ngamia. Rafiki yake waliyesoma dawati moja, jina lake ni la kabila lingine, alichukua kipande chake na kuendelea na maisha. Huyu wetu alizungushwa njoo kesho, njoo kesho, mpaka mkopo wa masomo ukampita. Bila kipande hukopeshwi, hufungui akaunti, husajili laini ya simu, hupigi kura. Huyo kijana hakuwahi hata kuuona ule ukuta wa Mandera. Lakini aliugonga.

Februari 2025 Rais alitia saini tangazo huko Wajir la kuondoa msasa huo wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Tulifurahi, na tuseme alhamdulillahi. Lakini tangazo ni karatasi, na aliyezoea kukudai kipande cha babu yuko bado kwenye kiti chake. Kazi ya kuhakikisha linafuatwa ni yetu. Nitarudi kwa hilo.

Kabla ya hapo, tazama nani anapitishwa kwenye mpaka huu bila kuulizwa. Ndege za miraa kutoka Kenya kwenda Mogadishu zilisimamishwa 2020 na Somalia. Mwaka 2022 wakubwa wakakubaliana, zikaruka tena, juu kabisa ya seng'enge yetu. Pesa zinavuka kwa hawala na kwa simu kwa dakika moja. Huu ndio utandawazi: mali inavuka, pesa inavuka, mtu wa kawaida anasimamishwa.

Halafu kuna upande ambao watu hawapendi kuuzungumzia. Mapema mwaka 2007, watu waliokuwa wakikimbia vita Somalia walikamatwa Kenya, wakapakiwa kwenye ndege usiku na kurudishwa Somalia, na wengi wakaishia jela za Ethiopia. Kulikuwa na wanawake na watoto. Kulikuwa na Wakenya. Wengi hawakupewa nafasi ya kusikilizwa mahakamani. Mwaka 2010, baada ya mabomu ya Kampala, Wakenya walichukuliwa hapa na kuvushwa hadi Uganda bila kufuata utaratibu wa sheria. Na Novemba 2024, kiongozi wa upinzani wa Uganda, Kizza Besigye, alitekwa nyara Nairobi na siku chache baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala.

Fikiria vizuri. Nchi inasema mamlaka yake ni matakatifu hadi inajenga seng'enge. Lakini nchi jirani inaweza kumchukua mtu katikati ya jiji letu kuu na kuondoka naye. Ukuta uko wapi hapo? Mamlaka ya nchi yako wapi? Mpaka huo huo unaomzuia muuza mbuzi wa Bula Hawa unamfungukia mtekaji.

Hili si la Kenya pekee. Ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989, dunia iliimba kwamba kuta zimekwisha. Leo kuta za mipakani ni nyingi kuliko wakati ule. Marekani imejenga kwenye mpaka na Mexico. Israel imejenga ukuta ambao sehemu yake kubwa unapita ndani ya ardhi ya Wapalestina katika Ukingo wa Magharibi, na mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuujenga ndani ya ardhi inayokaliwa kwa mabavu ni kinyume cha sheria. Wazungu wana seng'enge Ceuta na Melilla, na bahari ya Mediterania imemeza zaidi ya watu 20,000 tangu 2014. Na tusijidanganye kwamba ni Wazungu tu. Uturuki imejenga ukuta wa mamia ya kilomita mpakani na Syria. Saudi Arabia imeweka ua mpakani na Iraq. Swali si dini ya aliyejenga. Swali ni nani anaachwa nje, na nani anashukiwa ndani.

Tunapolilia Palestina, tunalia kwa haki. Lakini usimlilie Mpalestina anayesimamishwa na askari kwenye ukuta wa kule, halafu ukaone kawaida msichana wa Garissa kusimamishwa na askari wa kwako. Kanuni ni moja.

Sasa nikurudishe kwenye kitu ambacho ni chako. Fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 1, mwanzo kabisa. Kinasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Hayakupewa waziri wala mkandarasi wa seng'enge. Ni yako, ya mama mboga, ya mfugaji wa Mandera. Serikali imekopeshwa tu. Kwa hivyo kila raia anapodhalilishwa ili nchi ionekane ina nguvu, mwenye mamlaka ndiye anayedhalilishwa na mtumishi wake.

Basi tufanye nini? Mambo manne, na yote unaweza kuyaanza wiki hii.

Moja: kama wewe au ndugu yako ananyimwa au anacheleweshewa kipande, usiondoke na jibu la mdomo. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya hati za usajili na pasipoti. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi ukikuumiza. Sema kwa heshima: "Naomba sababu kwa maandishi." Andika tarehe, ofisi na kilichosemwa.

Mbili: tuulize pesa. Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakuruhusu kuandikia ofisi ya umma kuomba taarifa, nao wana siku 21 kukujibu. Tuulize ukuta umegharimu kiasi gani hadi leo, na kandarasi alipewa nani. Wasipojibu, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua moja inatupwa. Barua 200 kutoka kaunti tano zinasomwa.

Tatu: mbunge wako na MCA wako wakija kukuomba kura, waulize kuhusu vivuko halali. Wafanyabiashara wa mpakani wanataka kituo chenye maafisa, mashine na kumbukumbu za wanaopita. Huo ndio usalama. Anayepita mbele ya afisa anajulikana, na njia ya panya inabaki kwa wenye nia mbaya, ambao sasa wataonekana.

Nne: kwenye basi, usiwe wa kutazama dirishani. Jirani yako akishushwa peke yake kwa sababu ya jina au hijabu, uliza kwa adabu kwa nini. Abiria mmoja akiuliza ni kelele. Abiria 15 wakiuliza, askari anakumbuka sheria. Na usiangalie dini ya anayeshushwa. Wale wa El Wak hawakuangalia.

Najua kuna atakayesema mimi ni mtu wa maneno tu, nikae Mandera mwezi mmoja ndipo niongee. Sawa. Lakini watu wanaokaa Mandera wanaongea miaka yote na hawasikilizwi. Wao wanajua kwamba seng'enge ya kilomita 10 haiwalindi. Wanaomba barabara nzuri, hospitali yenye daktari, polisi wanaokuja ukiita, na kipande kisichogeuzwa mara tatu. Mtu aliyepewa hivyo na nchi yake anailinda. Mtu aliyenyimwa hivyo, hata ukimjengea ukuta hadi mawinguni, utakuwa umemfungia nje ilhali yuko ndani.

Kwa hivyo safari ijayo, basi likisimama na sauti ikaita "Vitambulisho!", toa chako na usimame wima. Kile kipande ni risiti ya mamlaka uliyomkopesha yule anayekikagua. Halafu tazama nani anabaki nje ya basi, na usikubali dereva aondoke kabla hajarudi ndani.

Wabillahi tawfiq.